Kiti Kilichorudi Nyuma

Caney Gap, Tennessee
3 Aprili 1979

Mdogo wangu Arvil,

Habari za huko Michigan? Barafu imeyeyuka, au bado mnaichapa kwa koleo asubuhi kabla ya kazi? Msalimie sana wifi yangu Reba, mwambie zile mbegu za maharage alizoomba, shemeji yako Hobart atamtumia. Hobart mwenyewe hajambo, ila kile kikohozi chake cha majira haya kimemrudia. Ng'ombe wa jirani yetu Bascom amezaa pacha, na Bascom anatembea kifua mbele utadhani kawazaa yeye. Simu usijisumbue kupiga, tumeikata kwa muda.

Mimi naendelea. Nimerudi kutoka hospitali Kingsport wiki iliyopita. Nakuandikia nimelala chali, kwa hiyo mwandiko ukipanda mlima usinicheke.

Hobart aliniambia ulikuja kumzika Mama, na kwamba ulivaa koti la Baba. Nimefurahi ulilivaa. Aliniambia pia uliondoka siku ileile. Najua kazi ni kazi.

Arvil, hapa watu wanasema nilisinzia. Wengine wanasema nilikuwa nakimbiza gari. Sherifu Estel kaandika vyote viwili kwenye taarifa ya ajali, kama mtu anaweza kusinzia huku anakimbiza. Wakija kunijulia hali wananiletea pai, wananishika mkono, na hakuna anayeniangalia machoni. Mimi sikusinzia. Mimi na Mama tulikuwa tunapanda mlima, mwendo wa kawaida, na kiti changu kiliachia kikarudi nyuma. Mara moja tu, kama mtu aliyevutiwa mkeka aliosimamia. Miguu ikaacha pedali, mikono ikauvuta usukani, gari likaacha barabara. Basi.

Gari lile ni la kampuni ya Tarleton, na wewe unafanya kazi hapo hapo Tarleton. Waulize wenzako. Labda kuna aliyewahi kusikia kitu kama hicho. Nakuomba uulize tu.

Dada yako,
Orpha


Hazel Park, Michigan
6 Mei 1979

Dada Orpha,

Shikamoo. Barua yako ilifika, nimechelewa kujibu kwa sababu ya saa za ziada kazini. Sisi wazima. Reba anakusalimu. Alikuwa kwa daktari kwa mambo yake ya kawaida ya wanawake, hakuna cha kutisha. Timu yetu ya mchezo wa kuviringisha tufe na kuangusha pini za mbao imeshika mkia tena. Nimempata fundi wa kuchonga jiwe la kaburi la Mama, anataka kujua kama tuandike jina lake lote au lile walilomwita nyumbani.

Kuhusu hilo lingine. Dada, mimi niko ghala la vipuri, sitengenezi magari. Kiti ni chuma na bolti, hakirudi nyuma chenyewe. Wanaume hapa wamefunga viti maelfu kwa maelfu. Mtu akichoka anaweza kufumba macho na asijue kama kayafumba. Hakuna anayekulaumu. Pumzika upone.

Andika kuhusu jina.

Arvil


Caney Gap
20 Mei 1979

Arvil,

Salamu kwako na kwa Reba. Mvua imenyesha vizuri, Hobart amepanda tumbaku. Kwenye jiwe andikeni jina lake lote. Lile la nyumbani linatutosha sisi.

"Hakuna anayekulaumu." Ndugu yangu, hata jibwa la Bascom lingekucheka. Toka makaburini hadi kitandani kwangu Kingsport ni mwendo wa saa moja. Ulipanda gari ukaelekea kaskazini. Hata hospitali hukusogea. Unadhani sijui maana yake?

Sasa nisikilize. Hobart alimwita wakili kutoka mjini, Bwana Lattimore. Ni kijana wa mama mmoja aliyekuwa akitufundisha shule ya Jumapili, amevaa tai fupi na viatu vina matope, lakini anasikiliza. Ndiye mtu wa kwanza aliyeniuliza kiti kilitoa sauti gani. Nilimwambia kilitoa mlio wa tawi linalokatika.

Amenieleza mambo matatu. Kwanza, sheria ya hapa Tennessee inakupa mwaka mmoja tu tangu siku ulipoumia. Usipofungua kesi, mlango unafungwa hata ukiwa na haki kama malaika. Pili, baraza la wazee wa mahakama wakiona kosa ni la kampuni lakini na mimi nina chembe ya kosa, chembe tu, sipati kitu. Ndiyo maana neno la Estel kwamba nilisinzia ni kama kisu. Tatu, alisema: "Bi Orpha, shahidi wako mkubwa ni gari lenyewe. Lisiguswe. Lisiuzwe. Hata kama linakuuma kulijua liko pale."

Liko uwanja wa vyuma chakavu wa Bascom, chini ya turubai. Wiki jana akaja mtu wa bima, viatu vinang'aa, mpole kama mchungaji. Alisema atatusaidia kuliondoa bure, ili tusione tena kitu cha kutuhuzunisha. Hobart alikuwa anakaribia kukubali. Nilipiga kelele toka chumbani hadi yule bwana akasahau kofia yake.

Sasa nakuuliza mara ya pili. Umemuuliza mtu yeyote hapo kazini?

Orpha


Caney Gap
18 Julai 1979

Mdogo wangu,

Natumaini mu wazima. Sijapata neno lako tangu Mei. Labda barua imepotea.

Gari limeondoka.

Nilikuwa nimerudi Kingsport kwa ajili ya vidonda vya mgongo. Watu wa bima walikuja na lori na karatasi, na Hobart akatia sahihi. Anasema walimwambia ni jambo la kawaida, kila ajali hufanyika hivyo, na kwamba mke wake atapona haraka zaidi likiwa mbali. Bascom alimuuliza, "Hobart, una hakika?" Akasema ana hakika. Bascom anasema huenda sasa hivi limeshabanwa limekuwa mche wa sabuni.

Sijaongea na Hobart tangu niliporudi. Anaingia, ananigeuza, ananiosha, anatoka. Nasikia anavyoongea na nyumbu wetu wa kulimia huko nje, anamweleza yote ambayo angenieleza mimi.

Bwana Lattimore alikuja akaketi ukingoni mwa kitanda. Hakunidanganya. Alisema bila gari ni neno langu dhidi ya karatasi ya Estel, na kwamba makampuni yamejaa watu wanaolipwa kula maneno kama yangu.

Arvil, nimeomba nife. Nakuambia wewe kwa sababu Mama hayupo wa kumwambia. Si kwa ajili ya maumivu. Ni kwamba nikifumba macho naanza mimi mwenyewe kujiuliza kama kweli nilisinzia. Watu wakisema jambo kwa muda mrefu linaanza kuingia ndani kama maji ya paa bovu.

Niandikie hata matusi.

Orpha


Hazel Park
9 Septemba 1979

Dada,

Shikamoo, na nisamehe kwa ukimya. Msalimie shemeji. Usimwache na nyumbu, naye ameumia.

Nitaandika mara moja hili, halafu uichome barua hii.

Baada ya barua yako ya Mei nilimuuliza mzee mmoja hapa ghalani, Mpolandi anaitwa Casimir, amekaa hapa muda mrefu kuliko kuta. Nilimuuliza wakati wa chakula, kimzaha tu. Akaniangalia, akafunga mkate wake kwenye karatasi. Akasema, "Kijana, hapa tunauliza habari za kazi, hatuulizi habari za viti." Ndipo nilipojua kuna jambo.

Baadaye alinionyesha. Zipo reli mpya za kiti, vile vyuma vinavyokishikilia sakafuni, nene kuliko zile za zamani. Zilianza kuingia vuli iliyopita. Zinapelekwa kwa wauza magari kimya kimya. Mteja akilalamika kwamba kiti kinacheza, anabadilishiwa bure, anaambiwa ni bahati mbaya yake peke yake. Asiyelalamika haambiwi kitu. Makreti yale yamepita mikononi mwangu, dada. Nilidhani ni vipuri kama vipuri vingine.

Vuli iliyopita, Orpha. Kabla ya Mama.

Sasa usiniombe nikalisema mbele ya watu. Yale mambo ya kawaida ya Reba si ya kawaida. Wamemkata titi moja mwezi Juni na sasa yuko kwenye dawa zinazomtoa nywele. Bima yetu yote ya matibabu ni ya kampuni. Kuna fununu za kupunguza watu, na atakayefungua mdomo atakuwa wa kwanza kuonyeshwa mlango. Siwezi kumzika mwingine.

Ichome.

Arvil


Caney Gap
1 Oktoba 1979

Arvil wangu,

Mwambie Reba namwombea kila siku kwa jina. Ungeniambia mapema ningekuwa nimeanza zamani.

Nimeichoma. Hobart alishika kifuniko cha jiko, mimi nikaitia. Aliniuliza kama nina hakika, kwa sauti ileile ambayo Bascom alimuuliza yeye. Nikamwambia nina hakika. Basi tukajikuta tunaongea. Bwana Lattimore hajui chochote, na hatajua kwangu.

Kwa kuwa umeniambia la kwako, pokea la kwangu. Nilikuandikia naendelea. Siendelei. Toka kiunoni kwenda chini sina habari napo. Sitatembea tena, walinieleza tangu Machi, nami nikamkataza Hobart asikwambie. Nilitaka uje kwa sababu unataka, si kwa sababu ya huruma.

Na hili hukuniuliza, lakini ni mama yako pia. Hakuteseka njiani. Alikuwa anasimulia habari zako, ile siku ulipoogopa bata mzinga ukapanda juu ya paa la choo ukakataa kushuka. Alikuwa anacheka hadi anashika mbavu. Kiti kilipoachia alinyoosha mkono kunishika mimi, hakujishika yeye. Nilikuwa macho, Arvil. Nilikuwa nacheka naye. Mtu hasinzii huku anacheka.

Baada ya barua yako nimelala vizuri kwa mara ya kwanza. Hata kama hakuna mwingine atakayejua, wewe unajua.

Dada yako,
Orpha


Hazel Park
16 Desemba 1979

Dada mpendwa,

Shikamoo. Reba amemaliza duru moja ya dawa, anakula tena, jana alinikaripia kwa ajili ya viatu sebuleni nikafurahi kama mtoto. Tumekutumia shali, kaifuma mwenyewe.

Barua yako ya Oktoba nimekaa nayo. Nimeanza kuijibu mara nyingi.

Huku kuna habari. Serikali kule Washington imepokea malalamiko kutoka majimbo mengi. Kuna dereva wa teksi Denver, kuna mwalimu Georgia. Kampuni ilisema ni watu wanaoendesha vibaya. Sasa inasemekana wamebanwa, na kabla ya mwaka mpya kusonga watatangaza kuyaita magari yote yarudi kwa wauzaji yabadilishwe reli. Hapa ghalani tumeambiwa tujiandae, na tumeambiwa tufunge midomo.

Hilo la bata mzinga, alikuwa mkubwa kuliko mimi. Mama hakuwahi kulisema hilo.

Arvil


Caney Gap
28 Januari 1980

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Shali imefika, naivaa nikikuandikia. Hobart amenijengea njia ya mbao mlangoni ili kiti cha magurudumu kipite. Imepinda kidogo, lakini kuisema ni marufuku.

Wiki iliyopita tulipata tangazo kutoka Tarleton. Limeandikwa kwa adabu. Mpendwa mwenye gari, imegundulika kwamba katika baadhi ya magari kiti cha dereva kinaweza kuhama ghafla, jambo linaloweza kusababisha kupoteza udhibiti. Tafadhali peleka gari lako kwa muuzaji wa karibu, litarekebishwa bila malipo. Hobart alilisoma kwa sauti. Alipofika kwenye "peleka gari lako" akaliweka mezani, akatoka nje akasimama mvuani bila kofia. Nilimwita. Alipoingia nilimwambia, "Hobart Livesay, walikudanganya wewe kama walivyomdanganya kila mtu. Njoo uketi." Akaketi, akalia kama sijawahi kumwona akilia, hata kwenye maziko ya ndugu yake.

Bwana Lattimore alikuja mbio nusura aanguke kwenye ile njia ya mbao. Lakini baadaye akapoa. Anasema tangazo linaonyesha viti vingine vinaweza kuachia, halionyeshi kwamba changu kiliachia, na gari hawatalileta kamwe. Watasema pia kwamba waligundua juzi tu, na mara walipogundua wakawaambia watu, waungwana wakubwa hao. Kinachohitajika ni mtu wa ndani aseme walijua lini. Ameniuliza kama namfahamu mtu wa aina hiyo. Nikamwambia simfahamu.

Kesi lazima ifunguliwe kabla ya tarehe ishirini na nne Februari, mwaka unapotimia tangu ajali, au basi milele.

Sikuombi, Arvil. Soma vizuri, sikuombi. Mtunze mkeo.

Orpha


Hazel Park
8 Februari 1980

Dada,

Nilikuwa naisoma barua yako mezani, Reba akainyakua. Kasoma yote. Hakuwa anajua lolote kuhusu reli, nilimficha ili asije akajiona ndiye mzigo. Nilimweleza.

Akaikunja barua, halafu akasema, "Arvil, mimi ndiye uliyenifanya kisingizio?"

Nikasema si kisingizio, ni bima.

Akasema, "Mama yako alikaa nami wiki nzima nilipoharibikiwa mimba. Alinilisha kwa kijiko. Ukinipa dawa kwa kumkanyaga yeye nitazitapika. Andika barua ama naandika mimi, na mwandiko wangu mbaya."

Kwa hiyo naandika mimi. Mwambie wakili wako afungue kesi. Mwambie yupo mtu wa ghala la vipuri. Mpe jina langu lote.

Naogopa, Orpha. Sitakuficha hilo.

Arvil


Caney Gap
1 Juni 1980

Mdogo wangu,

Mlifika salama? Reba alichoka sana njiani? Hobart bado anazungumzia jinsi Reba alivyomla yule kuku mzima peke yake.

Tangu mlipoondoka narudiarudia siku ile ulipotoa ushahidi ofisini kwa Bwana Lattimore. Hatukupata nafasi ya kuongea baadaye, kila mtu alikuwa na haya. Wale mawakili wa kampuni walivyojipanga upande ule wa meza, na mwandishi wa mahakama akipiga mashine yake, na wewe umeapa. Ulisema vizuri kuhusu makreti. Lakini yule mwenye miwani alipokuuliza, "Bwana Rhoton, ni kweli kwamba una hasira na mwajiri wako?" nilifumba macho. Nilijua wanatega.

Nawe ukasema, "Hapana, bwana. Hasira nilikuwa nayo kwa dada yangu. Kampuni niliitetea. Mwaka mzima nilimwacha peke yake na kosa lisilo lake, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kuamini kwamba chakula changu na kifo cha mama yangu vinatoka ghala moja."

Yule mwenye miwani akafunga jalada lake. Mwandishi wa mahakama aliacha kupiga, wakamwomba aendelee.

Nilitaka kukwambia asante. Siku ile sikuweza.

Orpha


Hazel Park
20 Julai 1980

Dada,

Shikamoo. Nimepunguzwa kazini. Tumepunguzwa wengi siku moja, Casimir naye, kwa hiyo hakuna atakayejua kama ni kwa sababu ya mdomo wangu au kwa sababu magari hayauziki. Walinipa mkono. Bima itaendelea kwa miezi kadhaa, na daktari anasema Reba yuko safi kwa sasa. Anasema "kwa sasa" kila mara, nimelichukia neno hilo.

Tunafikiria kurudi nyumbani. Chumba cha Mama kina mtu?

Arvil


Caney Gap
Jumapili, 17 Agosti 1980

Mdogo wangu,

Hakina mtu. Njooni. Hobart ameshafagia, na Bascom anasema ana kazi kwa mtu anayejua vipuri, ila atakulipa kwa maneno mengi.

Tarleton wamekubali kumaliza nje ya mahakama. Si utajiri, lakini ni matunzo yangu hadi mwisho, na bafu ninaloweza kuingia, na kitu cha kuwasaidia ninyi mkianza. Bwana Lattimore anasema tukikataa tutakwenda mbele ya baraza la wazee wa mahakama, na karatasi ya Estel itakuwa pale mezani, na chembe moja ya kosa inatosha kutufuta. Nimekubali. Lakini kuna sharti. Hawakiri kosa lolote, ushahidi wako utafungiwa kabatini, nami nikishatia sahihi siruhusiwi kumwambia mtu yeyote jambo hili, maisha yangu yote.

Nilimuuliza, "Na kabla ya kutia sahihi?"

Akatazama dirishani. Akasema, "Kabla ya kutia sahihi, Bi Orpha, mdomo ni wako."

Leo Hobart alinipeleka kanisani. Ulipofika wakati wa ushuhuda nikainua mkono. Mchungaji alidhani nataka kuimba. Hobart akanisukuma hadi mbele, akanigeuza niwaangalie wote, nami nikawaeleza. Mlio wa tawi. Mama akicheka. Reli nene zilizopita ghalani kabla ya msiba. Lori lililochukua gari. Nilikutaja wewe, uliyejitokeza ukaapa, na kilichokupata. Sikulia hadi mwisho. Watoto walinyamaza, hata yule wa Dovie anayelia kila ibada.

Estel alikuwa benchi la tatu na familia yake. Aliinuka, akaja mbele na kofia mkononi, na sote tukadhani anatoka nje. Akapiga goti hapa mbele ya kiti changu, na magoti yake mabovu yale. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Niliandika kitu ambacho sikukiona. Kesho asubuhi naibadilisha ile taarifa." Halafu akashindwa kuinuka, ikabidi Hobart na Bascom wamnyanyue, na watu wakacheka na kulia pamoja.

Wanawake walinipangia foleni nje. Arvil, waliniangalia machoni.

Kesho saa nne asubuhi natia sahihi. Baada ya hapo usiniulize tena habari ya gari, wala Reba asiniulize, maana nimeahidi na nitatimiza. Mkifika hapa na mkitaka kujua ilikuwaje, ulizeni yeyote. Caney Gap nzima inajua.

Dada yako,
Orpha